Mganga Asiyeitwa: Kuzitambua Antivirusi Bandia na Jamaa Zake

Ulikuwa unasoma matokeo ya mpira kwenye simu, mara ukurasa unageuka. Kioo kizima kinakuwa chekundu, simu inatetemeka mkononi, na maandishi yanakuambia kwamba Samsung yako, ikitajwa kwa jina na namba ya toleo lake, imeharibika kwa asilimia 28.1 kwa sababu ya virusi vinne. Chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika mbili na sekunde chache, kisha laini itaungua na picha zote zitafutika. Chini kabisa kuna kitufe kimoja cha kijani cha kupakua dawa. Kinachowaangusha wengi hapa ni lile jina la simu. Mtu hujiuliza: wamejuaje kwamba natumia simu hii, kama hawajaipima kweli? Jibu ni jepesi. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa kutoka kwenye intaneti, hujitambulisha: hutaja mfumo wa simu, toleo la kivinjari, na huweza kutaja hata namba ya modeli. Mji ulipo hukisiwa kutokana na anwani ya mtandao unaoutumia. Kutetemeka ni amri moja fupi ambayo ukurasa huweza kuituma kwenye simu, sawa na amri ya kupiga muziki. Ama kuhusu virusi vinne, ukurasa wa tovuti hauna mlango wa kuingilia kwenye mafaili yako ukayahesabu. Vivinjari vimejengwa makusudi ili hilo lisiwezekane. Ule upimaji ulioonyeshwa ni mchoro tu, na mchoro huohuo wenye vidudu vilevile vinne huonyeshwa kwa kila anayefika pale.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sijaona kauli inayolibeba suala hili vizuri zaidi. Watu wengi hufundishwa kuitambua programu mbaya kwa sura: nembo iliyopinda, maneno yaliyokosewa, rangi za kutisha, jina lisilojulikana. Hoja yangu ni kwamba sura haitoshi na mara nyingi hupotosha, kwa kuwa wenye biashara hii wana fedha za kununua sura nzuri. Kinachowatambulisha ni mwenendo. Programu imeingiaje, inadai kujua nini, na ukiifukuza inaondoka vipi? Antivirusi bandia, programu zinazomwaga matangazo na zile zinazoteka kivinjari huonekana kama maradhi matatu tofauti. Ukizipima kwa maswali haya utakuta ni ukoo mmoja, unaoishi kwa kuuza mbofyo uliopatikana kwa haraka, kwa hofu au kwa kutoelewa.

Tuanze na historia, maana inaonyesha ukubwa wa jambo. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni iliyoitwa Innovative Marketing, iliyosajiliwa Belize na kufanya kazi zake Kiev, Ukraine. Bidhaa zake zilikuwa na majina ya heshima: WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus. Tangazo lilijifanya kupima kompyuta, likakuta balaa, kisha mwenye kompyuta akaombwa dola 39.95 au zaidi ili asafishiwe. Tume ilisema watumiaji zaidi ya milioni moja walilipa. Mwaka 2012 mahakama iliamuru zaidi ya dola milioni 163 zilipwe. Hawakuwa vijana wawili waliojificha chumbani. Ilikuwa kampuni yenye ofisi, waajiriwa na kituo cha kupokea simu za wateja. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichambua kumbukumbu za kompyuta zilizotumiwa na magenge matatu ya antivirusi bandia, wakakuta kwa pamoja yamekusanya zaidi ya dola milioni 130. Jambo moja katika uchambuzi huo linastahili kuangaliwa kwa karibu: matapeli hao walikuwa wakiwarudishia fedha baadhi ya wateja waliolalamika. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Malalamiko yakizidi benki, kampuni inayopokea malipo ya kadi humfungia mfanyabiashara akaunti, kwa hiyo walirudisha kiasi cha kutosha tu kuwafanya wasifungiwe. Kwa mwendo huo, hata mtu aliyerudishiwa fedha yake bila shida hana hakika kwamba alikuwa akishughulika na watu waaminifu.

Sasa turudi kwenye sura. Septemba 2009 wasomaji wa tovuti ya New York Times walitokewa na ukurasa wa antivirusi bandia wakiwa wanasoma gazeti, kwa sababu mtu alinunua nafasi ya tangazo akijifanya kampuni ya simu inayojulikana, kisha akabadilisha tangazo lenyewe baada ya kukubaliwa. Mwaka uliofuata gazeti la Minneapolis Star Tribune lilipatwa na jambo kama hilo kupitia tangazo lililodaiwa kuwa la hoteli. Kwa hiyo ushauri wa kutembelea tovuti zinazoaminika peke yake una mipaka, kwani tovuti hukodisha kuta zake kwa watu isiowafahamu. Na duka rasmi la programu? Aprili 2014 programu iitwayo Virus Shield ilipanda hadi miongoni mwa programu za kulipia zilizonunuliwa zaidi kwenye duka la Google, kwa bei ya dola 3.99, ikiwa na alama nzuri za wateja. Wakaguzi walipofungua msimbo wake walikuta inafanya kazi moja: ukiigusa, picha ya ngao yenye alama ya mkasi hubadilika kuwa ngao yenye alama ya vema. Basi. Haikukagua faili hata moja. Maelfu ya watu waliinunua ndani ya muda mfupi, na Google ililazimika kuwarudishia fedha.

Mtu anaweza kusema hicho kilikuwa kisa kimoja. Mwaka 2019 taasisi ya AV-Comparatives ya Austria ilizipima programu 250 za Android zilizojiita antivirusi, ikizitegea programu hasidi 2,000 zilizokwisha kujulikana. Ni 80 tu zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 bila kuzisingizia programu safi. Nyingi kati ya zilizobaki hazikuwa na uwezo wowote wa kuchunguza. Zilibeba orodha ya majina ya programu mashuhuri, na kila ambacho hakikuwemo kwenye orodha kiliitwa hatari. Baadhi ziliweka vigezo vilivyolegea kiasi kwamba programu hasidi ikijipachika jina linaloanza kama la kampuni kubwa ingepita bila kuguswa. Na ziko zilizosahau kujiandika zenyewe kwenye orodha, zikajitangaza kuwa virusi. Nimekaa na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: kwenye kioo, programu hizo zilikuwa na mduara unaozunguka, asilimia zinazopanda na ripoti mwishoni, sawasawa na zile za kweli. Tofauti ilikuwa kwenye kazi, na kazi haina picha.

Watekaji wa kivinjari ni wapole zaidi, na kwa hiyo hukaa muda mrefu. Hawatishi mtu. Siku moja ukifungua kivinjari unakuta ukurasa wa mwanzo si ule uliouzoea, na kila unachotafuta kinapitia anwani usiyoijua kabla ya kukufikisha kwenye Yahoo au Bing au hata Google yenyewe. Wengi huona matokeo ni yaleyale, wakaacha. Lakini kule kupitia ndiko iliko biashara: mitambo ya utafutaji huwalipa washirika wanaoiletea watu, na mtekaji amejiweka katikati ya njia ili ahesabiwe kuwa ndiye aliyekuleta. Akiwa hapo anaweza pia kuandika kila unachotafuta. Dalili zake zinaonekana ukijua pa kutazama. Ukibadilisha ukurasa wa mwanzo, kesho umerudi ule ule. Kwenye orodha ya viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kuna kimoja usichokumbuka kukiweka. Kwenye menyu ya Chrome pameandikwa kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako, ilhali kompyuta ni yako mwenyewe na huna shirika lolote: maandishi hayo maana yake ni kwamba kuna programu iliyoweka sera za kukuzuia usibadilishe mipangilio, au ni antivirusi halali iliyofanya hivyo, na vyote viwili vinafaa kuchunguzwa. Tena mtekaji si lazima aingie akiwa mgeni. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili kwa kupunguza mzigo wa kompyuta, kiliuzwa kwa mmiliki mpya mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa maelezo kuwa kina programu hasidi. Nembo haikubadilika, wala jina. Aliyebadilika ni mwenye nyumba.

Hapa ndipo panapoletwa hoja nzito zaidi ya upande wa pili: mtumiaji alikubali mwenyewe. Alibofya, masharti yalikuwepo, na vitu vya bure lazima vilipiwe kwa njia fulani. Nusu ya hoja hii ni kweli. Programu ya bure kuonyesha matangazo ndani yake, ukiwa unaitumia, si kosa. Redio na magazeti yameishi hivyo miaka mingi. Lakini tutazame kukubali huko kulivyopatikana. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walieleza soko la kulipia usakinishaji: kampuni yenye programu isiyotakiwa humlipa mwenye programu inayopendwa kati ya senti 10 na dola 1.50 kwa kila kompyuta atakayoipachikia mzigo huo, bei ikipanda au kushuka kulingana na nchi. Google ilihesabu majaribio zaidi ya milioni 60 kwa wiki ya kupakua mizigo ya aina hiyo, karibu mara tatu ya virusi vya kawaida. Mzigo huwekwa kwenye kurasa za katikati za usakinishaji, kwa herufi ndogo za kijivu, kisanduku kikiwa kimekwisha kutiwa alama, na njia ya kuukataa imefichwa nyuma ya neno linalodokeza kwamba ni kwa wataalamu tu. Sasa mweke hapo mtu ambaye kurasa zote hizo zimemjia kwa Kiingereza cha kisheria naye husoma Kiswahili. Anachofanya ni kubonyeza mbele, mbele, mbele, hadi programu aliyoitaka ifunguke. Kuiita hiyo ridhaa ni kulidhalilisha neno lenyewe. Anayetaka ridhaa ya kweli huuliza mahali paonekanapo, kwa lugha inayoeleweka, na jibu la hapana huwa jepesi kama la ndiyo.

Hoja nyingine husema kazi hii ni ya antivirusi halali: weka moja nzuri, ikamate haya yote. Inasaidia, wala simshauri mtu aishi bila kinga. Lakini virusi huingia kwa kuvunja mlango, na programu za aina hii zimeingia kwa karatasi iliyotiwa sahihi, kwa hiyo kampuni za antivirusi husita kuziita virusi. Zikizigusa, huweza kupelekwa mahakamani. Zango, kampuni ya programu za matangazo iliyokuwa imekwisha kukubali mwaka 2006 kulipa dola milioni 3 katika shauri la Tume ya Biashara, iliishtaki kampuni ya antivirusi ya Kaspersky kwa kuzuia bidhaa zake. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa Kaspersky ushindi mwaka 2009, lakini kesi kama hiyo huacha woga. Ndiyo maana antivirusi nyingi huziweka kwenye kundi la upole, programu zisizotakiwa, na katika baadhi yake utambuzi wa kundi hilo huwa umezimwa hadi mtumiaji aingie kwenye mipangilio auwashe. Mwenye mashine ndiye hakimu wa mwisho, atake asitake.

Na hakimu huyo asiulegeze mtihani kwa sababu jina ni kubwa. Mwishoni mwa 2014 Lenovo iliuza kompyuta zenye programu ya Superfish iliyowekwa kiwandani ili kupenyeza matangazo kwenye kurasa. Ili ifike hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, ilijifanya mthibitishaji wa tovuti zote, na ufunguo wake wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Aliyeupata ufunguo huo, na ulipatikana Februari 2015, angeweza kujifanya benki mbele ya mtu yeyote mwenye kompyuta hiyo aliyekaa naye kwenye Wi-Fi moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2019 maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya Tume ya Biashara kueleza kwamba upimaji wao wa bure wa kompyuta haukupima chochote kuhusu virusi: mteja aliulizwa kama mashine yake ni nzito au ina matangazo yanayojitokeza, na akijibu ndiyo kwa swali lolote kati ya manne, programu ilitoa jibu la kuwepo dalili za maambukizi. Hao walikuwa watu wenye sare, nyuma ya kaunta, katika duka lenye jina. Avast nayo, antivirusi ya kweli inayokamata virusi vya kweli, ilitozwa dola milioni 16.5 mwaka 2024 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea wateja wake. Mifano hii haina maana kwamba kampuni zote ni sawa. Maana yake ni kwamba jina hukueleza pa kwenda kudai, na halikuthibitishii kuwa umeambiwa kweli.

Wapo watakaosema: mimi sina cha kuibiwa, tangazo moja mbili litanifanya nini? Afrika ndipo mahali ambapo swali hili lina jibu la fedha taslimu. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Upstream ilisema imezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion, inayotengeneza Tecno, ilisema mzigo uliingizwa na msambazaji mmojawapo katika mnyororo wake na kwamba marekebisho yalikwisha kutolewa. Mwaka uliofuata Kaspersky ilikuta Triada hiyohiyo ndani ya toleo la FMWhatsApp, mojawapo ya WhatsApp zilizochongwa upya ambazo watu hurushiana nje ya duka. Tena ilikuwa imeingia kupitia kipande cha programu cha kuonyeshea matangazo. Anayenunua bando la siku anajua maana yake: tangazo linalojipakua usiku simu ikiwa mezani linakula data aliyoilipia, na salio linalokatwa kidogokidogo halionekani hadi mwisho wa mwezi. Anayeibiwa kidogokidogo hapigi kelele, na matapeli hupanga bei zao wakilijua hilo.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali kuwa gumu. Tukiwafundisha watu kuyashuku maonyo yote, je, hawatalipuuza la kweli? Watalipuuza, ikiwa tutawafundisha kushuku tu bila kuwapa namna ya kuhakiki. Onyo la kweli lina tabia zake. Hutoka kwenye programu iliyokuwamo tayari, na unaweza kulifunga, ukaifungua programu hiyo kwa mkono wako, ukalikuta onyo lilelile limeandikwa ndani pamoja na jina la faili. Halina saa ya kuhesabu. Halitaki namba ya kadi wala malipo ya simu kabla ya kukuonyesha tatizo. Halikupi namba ya kupiga: Microsoft imekwisha kueleza kwamba maonyo yake hayaweki kamwe namba ya simu. Zaidi ya yote, onyo la kweli huweza kusubiri. Ukifunga kivinjari, ukanywa maji, ukarudi baada ya dakika kumi, hatari ya kweli itakuwa bado imeandikwa pale pale kwenye antivirusi yako, na ile ya uongo itakuwa imeyeyuka pamoja na ukurasa. Windows imekuwa na kinga kamili ya bure ndani yake tangu toleo la 8 la mwaka 2012, na simu za Android zenye duka la Google huja na Play Protect. Anayekujia njiani kukuuzia dawa kwa haraka anakuuzia kitu ambacho kwa sehemu kubwa tayari unacho.

Siku hizi kuna mlango unaotumika sana ulio mdogo kuliko yote niliyoyataja, na hauhitaji hata kusakinisha programu. Ukurasa unakuambia ubonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti, au ili video ianze. Neno hilo halihusiani na roboti wala video: umeipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa, na kuanzia hapo simu italia asubuhi na usiku kwamba ina virusi, kwamba antivirusi imeisha muda, kwamba umeshinda zawadi. Mwenye simu huipeleka kwa fundi, akalipa ili simu ifutwe yote, picha za harusi na za msiba zikaenda humo humo. Haikuhitajika. Kwa hiyo, utakapofika nyumbani kwa wazazi au ukakaa na jirani anayelalamika kwamba simu yake imeingiwa, ichukue, fungua kivinjari, ingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na usome naye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Zifute zote asizozitambua. Kisha mfungulie orodha ya programu zilizomo kwenye simu, mpite mkiulizana moja moja nani aliiweka na kwa kazi gani, na ile isiyo na jawabu iondoeni. Ni kazi ya dakika tano, haina gharama, na mwachie yeye ndiye abonyeze.